Firigisi ya Msuluhishi

Wivu ulinikaba siku mguu wa bandia wa mume wa jirani yangu ulipofika. Jumapili ile jirani alimtembeza mumewe kanisani kama bwana harusi, viatu vyote viwili vinang'aa. Mimi nilikaa benchi la nyuma na mume wangu, mkono mmoja wa shati lake umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mahubiri sikuyasikia.

Waume zetu waliumia pamoja. Lori lililokuwa likiwapeleka vibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Maswa, lilipinduka. Wa kwake akapoteza mguu, wangu mkono. Bima ya kiwanda ilisema anayeumia kazini analipwa bila kuulizana kosa la nani. Lakini kampuni ya bima ikadai waume zetu bado wanaweza kulima, kwa hiyo italipa kidogo tu, na viungo vya bandia tujitafutie wenyewe. Mkataba ulisema ubishi kama huo uende kwa msuluhishi. Akaja mzee mmoja mpole, pamoja na afisa wa bima, kutazama jinsi majeruhi wanavyoishi.

Walianzia kwa jirani. Yule mkono wa birika hakuwapa hata maji. Wakauliza maswali yao, wakaja kwetu. Tulipomaliza, afisa akasema anakimbia Lamadi kununua sangara, atampitia mwenzake akirudi. Msuluhishi akabaki uani kwetu, jua linawaka. Mama mkwe akanitazama mara moja tu, nami nikajua. Nikakamata jogoo.

Afisa aliporudi na samaki wake, mama mkwe alimpokea kwa bashasha na salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, baba! Umechelewa. Firigisi amekula mwenzako. Wewe utalamba mchuzi."

"Nimeshiba, mama," alisema yule afisa, akacheka. Kumbe alikuwa ameondoka na mashitaka aliyoyaokota mdomoni mwa bibi wa watu.

Msuluhishi alitupa haki sote wawili: mguu kwa yule, mkono kwa wangu, na fidia juu. Tuzo, ndivyo wanavyoiita hukumu yake. Kampuni ikaenda mahakamani Shinyanga kuomba tuzo zote mbili zitenguliwe. Siku ya kusikilizwa nilimvalisha mume wangu shati la mikono mifupi makusudi, jaji aone mwenyewe. Jaji hakumtazama. Alisema hakukaa pale kupima majeraha upya. Kazi yake ni kuangalia kama msuluhishi aliwatendea haki pande zote. Kwa jirani hakuona doa, tuzo ikabaki. Yetu ikatenguliwa, kwa sababu msuluhishi alikula chakula cha upande mmoja, upande wa pili haupo. Tuanze upya, kwa msuluhishi mwingine.

Ndani ya basi jirani akanishika bega. "Pole, dada. Ukarimu umekuponza."

Nilitamani kumng'ata. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mimi nimepona nini? Uchoyo wake ndio uliomnunulia mumewe mguu, na jogoo wangu ndiye aliyekula mkono wa mume wangu. Niliwaza hivyo hadi Bariadi, na bado nawaza hivyo.

Msuluhishi wa pili alikuja mwenye haraka, na safari hii afisa wa bima hakumwacha hata hatua moja. Mama mkwe tulimkataza kutoa hata kikombe cha maji. Alijifungia chumbani kwa aibu. Wageni walijifuta jasho, wakamfanya mume wangu avue shati, wakauliza, wakaandika, wakaaga na koo zao kavu.

Hawajafika barabarani, nikasikia sauti ya jirani kutoka ng'ambo ya ua. "Karibuni kwetu, wazee! Chakula tayari. Sisi kesi yetu iliisha."

Mwanamke ambaye sijawahi kuona moshi wa nyama nyumbani kwake alikuwa amechinja. Wageni wakatazamana, wakaingia, wote wawili.

Mama mkwe akafungua mlango. "Nani amepika kuku?"

Mume wangu alikuwa bado anahangaika na vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Nikamfungia, macho yangu yako kwa jirani. Mumewe alisimama wima, birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, akiwanawisha wageni.