Fundi Vioo na Jike wa Mwisho Ndani ya Gamba

Saa tatu kasoro asubuhi, Jumamosi. Fundi vioo ameketi kwenye kigoda sebuleni kwake, na mikono yake ameikalia. Si mzaha. Ameiweka kabisa chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu na hajiamini. Mbele yake kuna tangi la vioo la mita moja, mchanga mweupe na magamba ya konokono kama thelathini hivi. Yeye anatazama gamba moja tu, la tatu kutoka kushoto.

"Leo siku ya tisa," anasema bila kugeuza shingo. "Ameingia humo, hatoki ila kuchungulia. Na mimi siruhusiwi kugusa."

Aliyemkataza ni yeye mwenyewe, na sababu anayo.

Ndani ya gamba hilo yumo samaki jike, mdogo kuliko kidole cha mwisho cha mkono. Asili ya samaki hawa ni ziwani, na nyumba yao ni gamba la konokono aliyekwisha kufa. Humo hulala, humo hukimbilia wakishtuka, humo hutaga. Wenye matangi ya mapambo majumbani huwapenda kwa ukorofi wao. Ukitia mkono majini, kijisamaki kisichojaza kijiko kinakuja mbio kukung'ata.

"Anajiona mamba," fundi anasema, na hapo anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Majirani humwita Mzee Konokono, ingawa ana miaka arobaini na sita tu na konokono hajawahi kufuga hata mmoja. "Mwanzo nilikuwa naeleza. Nimechoka, siku hizi naitika," anasema.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuweka vioo kwenye madirisha ya maghorofa. Miaka mitatu iliyopita, ubao wa jukwaa la ujenzi ulivunjika chini ya miguu yake, akaanguka kutoka ghorofa ya pili. Nyonga ya kulia sasa ina vyuma viwili, na mguu mmoja umekuwa mfupi. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia kazi ya kupanda juu imekwisha, na akianguka tena hatatembea.

Alilala miezi sita akihesabu misumari ya dari. Alipoanza kujikongoja, mteja wake wa zamani aliyekuwa anahama mji alimwachia samaki wanane ndani ya ndoo, kwa kuwa hakuwa na pa kuwapeleka. Vioo anavijua. Akaokoteza vipande vilivyobaki kazini, akaviunga kwa gundi, akapata tangi. Samaki wakazaa. Akaunga la pili.

Mkewe anafundisha shule ya msingi, na kila mtu, mume akiwemo, humwita Mwalimu. Yeye anakumbuka hadithi hiyo kwa upande wa makochi.

"Yalitoka moja moja," anasema. "Narudi kutoka shule, kochi halipo, tangi lipo. Hili la mwisho nililikalia makusudi, nikamwambia baba watoto, hapa utanitoa na mimi." Ndilo alilokalia sasa, akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu.

Kulea watoto wa samaki hawa ni kazi ya subira na chupa za soda. Wanapoanza kutoka kwenye gamba wana ukubwa wa kope, na hawali ila kinachocheza. Kwa hiyo fundi hununua mayai ya kamba wadogo mno, makavu kama unga, na kuyatia kwenye chupa iliyokatwa yenye maji ya chumvi na mpira wa kupitishia hewa. Baada ya siku moja na nusu yanaanguliwa. Anamulika tochi upande mmoja, vidudu vinakimbilia mwanga, anavifyonza kwa mpira mwembamba, anavisuuza, anawapelekea watoto. Mara tatu kwa siku, sikukuu au siku ya kazi.

Mwezi mzuri aliuza samaki arobaini kwa mwenye duka la matangi mjini. Kodi ya nyumba ilitoka humo, na umeme pia. "Nilianza kutembea kifua mbele," anasema.

Kisha, miezi miwili iliyopita, akaharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki ile alikuwa ameshauza vijana wote, na matangi mengine yalikuwa matupu. Wazazi kumi walibaki kwenye tangi kubwa, na baadhi yao wakaonekana na madoa meupe. Fundi akaona asafishe kila kitu. Akatoa magamba, akayatikisa moja moja juu ya ndoo ili samaki waanguke. Lililoonekana tupu akaliweka kando. Kisha akayatia yote kwenye sufuria na kuyachemsha.

Mtu yeyote anayefuga samaki hawa anajua kwamba jike mwenye watoto hatoki hata ukitikisa gamba mpaka mkono uchoke. Hujibana kwenye kona ya mwisho, pasipofika jicho. Fundi alilijua hilo. Siku ile alikuwa na haraka.

"Nilipomwaga maji nikaona vitu vyeupe. Nikadhani ni uchafu," anasema. "Sikuhesabu kwenye ndoo. Ningehesabu tu ningejua wako saba. Majike watatu waliingia kwenye sufuria na watoto wao. Nililia, sikufichi. Mtu mzima nalilia samaki jikoni."

Mwalimu aliingia akamkuta ameshika tama. Alimwaga nje maji yaliyobaki, akaosha jiko, na tangu hapo sufuria ile hajaipikia. "Nilimwambia ni yake sasa," anasema.

Kwenye ndoo walibaki madume sita na jike mmoja. Mwenye duka hana wengine. Hata yeye alikuwa akiwategemea wa fundi. Jike huyo akifa au akikataa kuzaa, mambo yamekwisha. Mwezi uliopita alitaga, na fundi kwa wasiwasi akawa anainua gamba kila asubuhi kutazama. Siku ya nne jike akayala mayai yote. Ndiyo maana leo mikono imekaliwa.

Na leo ina uzito wake. Mkandarasi aliyemfahamu zamani amepata jengo la ghorofa tano na anamtaka fundi. Anataka jibu kabla ya saa sita mchana. Fundi amejiwekea sharti: kama watoto hawajaonekana hadi saa hiyo, atapanda. Amemweleza Mwalimu tangu Alhamisi, naye hakusema neno.

Saa tano, simu inaita. "Bosi, nipe muda kidogo," fundi anasema, na kuikata. Anainama. Mkono mmoja umeshachomoka chini ya paja, uko kwenye ukingo wa tangi. Anautazama kama wa mtu mwingine, kisha anaurudisha.

Saa tano na nusu, jike anatoka nje ya gamba na kusimama pembeni. Mlangoni kunatokea kitu kama kipande cha uzi chenye macho mawili. Kisha kingine.

"Mwalimu, njoo unihesabie," fundi anasema. "Macho yangu siyaamini."

Mwalimu anapiga magoti, anahesabu kwa ncha ya kalamu nyekundu, anarudia. "Kumi na wawili."

Fundi anacheka, kisha kicheko kinamwishia. Kumi na wawili si wa kuuza. Ni mbegu. Itachukua miezi minane wakue na kuanza kuzaa, na kodi ya nyumba haijui habari hiyo. Anaishika simu, anaitazama.

"Mpigie umwambie hapana," Mwalimu anasema akiwa bado amepiga magoti.

"Na hiyo miezi minane?"

"Nina mshahara. Tutabana matumizi."

"Mbona Alhamisi hukusema?"

Mwalimu anafunika kalamu yake kwanza. "Nilikuona una aibu ya kukaa nyumbani, nikaogopa kukuongezea. Lakini siku ile ulipoanguka walinifuata darasani. Nilisimama mlangoni na chaki mkononi, na waliokuja hawakujua kama u hai. Mimi njaa siiogopi, mume wangu. Naogopa kufuatwa tena."

Fundi anamgusa bega, anajifuta uso kwa kiganja, anapiga simu.

"Bosi, samahani, tafuta mtu mwingine. Mimi sipandi tena."

Mkandarasi anasikika akishangaa, akimuuliza sasa anafanya kazi gani.

"Nalea," fundi anamjibu.