Tulivyoiandikisha Nyumba ya Binti Yangu

Binti yangu alipotoka eda, jambo la kwanza alilolifanya ni kwenda kuchukua pasipoti. Hakunificha. Aliiweka juu ya meza, kando ya chupa ya chai, akaniambia kwamba kuna wakala Mombasa anayetafuta wanawake wa kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya wageni hapa Msambweni, vyumba vinne na baraza, lakini vyumba visivyolaliwa havimlishi mtu.

"Nitangoja mpaka Ramadhani, Mama," alisema. "Wageni wakija, nitakaa. Wasipokuja, nitakuachia funguo."

Mimi nasomesha chuo cha Kurani uani kwangu tangu ujana wangu, na kungoja nimekuzoea. Mtoto hukwama kwenye aya moja hata ukamhurumia, kisha asubuhi moja ikamfungukia. Lakini kungoja mwanao aondoke ni kungoja kwa namna nyingine. Kila baada ya sala nilimwomba Mwenyezi Mungu amweke karibu nami, kisha nikaona haya, kwa kuwa nilijua naiombea na nafsi yangu.

Zamani wageni waliletwa na dereva wa hoteli moja ya Diani. Hoteli yao ikijaa, yeye huwaelekeza kwetu. Dereva alistaafu akarudi kwao, na wageni wa siku hizi hawaulizi madereva, wanauliza simu. Binti yangu alikuwa na tovuti aliyotengenezewa na mwanamke mwenye duka la kompyuta pale mjini. Hata hivyo, ukiandika kwenye mtambo wa kutafutia kwamba wataka chumba Msambweni, uliletewa hoteli kubwa za Diani, ukurasa baada ya ukurasa, na nyumba yetu haimo.

Mwanamke huyo wa kompyuta ni mtu wa bara. Wazazi wake walipata shamba huku kwenye skimu ya serikali ya kugawa ardhi, naye anaimba kwaya kanisani kwao. Siku ya kwanza tulipokwenda kumwona aliniita shosho, kama kwao wanavyomwita bibi.

"Mimi si shosho," nikamwambia. "Shosho yuko kwenu, analima viazi. Niite bibi."

"Sawa, bibi shosho," akasema, na jina hilo limenibakia mpaka leo.

Alitueleza kwamba mtambo ule hautujui, na haupendi kumpeleka mtu kwa asiyejulikana. Unataka kwanza uone tumetajwa na wengine. Njia mojawapo ni saraka, yaani tovuti zinazopanga biashara kwa aina na mahali, mfano wa kile kitabu cha simu cha zamani. Unajiandikisha, wanaweka jina lako, mahali ulipo, simu yako, na kiungo cha kumfikisha mtu kwenye tovuti yako. Mtambo ukipita huko, unakukuta.

Binti yangu alikuwa ameshaisikia habari hiyo Ukunda. Kuna fundi aliyemwahidi kuiandikisha nyumba kwenye mamia ya saraka kwa jioni moja tu.

"Hizo ni takataka," mwanamke wa kompyuta akasema. "Unapata hoteli, kamari, dawa za kunenepa, zote zimewekwa pamoja. Hakuna mtu husoma. Hii mtambo ikikuona huko, inakuhesabu na wao."

"Lakini si ni nyingi?" binti yangu akauliza.

Hapo nikakumbuka darasa. Tulipokuwa tukisoma hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, mwalimu wetu hakuanza kutuuliza habari imesemwa na watu wangapi. Alituuliza imepokewa na nani, na huyo aliipokea kwa nani, na je, alikuwa mkweli. Nikamwambia binti yangu tutafute mashahidi wachache wenye sifa njema. Akampigia fundi simu akamwambia hapana, ahsante.

Tukachagua. Ilikuwapo saraka ya nyumba ndogo za wageni za pwani, nyingine ya watu wanaopenda kutazama ndege, na nyingine ya wanaotembelea misitu ya mikoko kama ile ya Gazi. Mwanamke akatuonya kwamba jina, simu na mahali viwe vilevile kila tunapojiandikisha, ili tusionekane nyumba tatu tofauti. Binti yangu alitaka tuandike Diani, kwa sababu ndilo jina linalotafutwa.

"Na mgeni akishuka Diani na mizigo yake, akuulize nyumba iko wapi?" nikamwuliza.

Tukaandika: Msambweni, kusini mwa Diani. Ni kweli, na jina la Diani limo.

Yalibaki maelezo. Binti yangu aliniachia mimi, akasema nina mkono mzuri wa barua. Nikaandika kama tulivyolelewa huku, kwamba mtu humwambii haja yako kabla hujamjulia hali. Nilianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, nikatoa salamu nyingi, nikatumaini nyote ni wazima, nasi huku kwa rehema zake hatujambo. Nikamwombea marehemu aliyeijenga nyumba. Vyumba nikavifikia mwishoni kabisa. Binti yangu alisoma, naye hakuona kasoro, maana amelelewa na mimi. Tukayatuma wenyewe kwa simu yake, tukafurahi.

Wiki kadhaa zikapita, wageni hawakuja. Tukarudi dukani, mwanamke akafungua ile saraka ya nyumba ndogo. Kumbe kila nyumba huonyeshwa maneno yake ya mwanzo tu, na mengine hukatwa. Jirani yetu wa juu kwenye orodha alisema ana vyumba vyenye bafu, karibu na bahari. Wa chini alisema ana bustani na chakula cha mchana. Sisi katikati tulisema: "Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Baada ya salamu nyingi, twatumai nyote ni wazima." Basi, nukta tatu. Wale watu wa ndege walikuwa wametukataa, wakiuliza kwa adabu kama hii ni biashara ama ni barua.

Mwanamke alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi shosho, umesalimia dunia nzima, na hakuna mtu anajua unauza nini."

"Siuzi, nakaribisha."

"Sawa, karibisha. Lakini waambie kuna kitanda."

Binti yangu hakucheka. Rajabu ilikuwa inakwisha, umebaki mwezi mmoja tu kufika Ramadhani, na wakala alikuwa ameanza kumpigia simu kuulizia vipimo vya hospitali. Nilimwona akiutazama ule mstari wa salamu kama mtu anayeutazama mlango uliofungwa.

Tulikaa wote watatu, alasiri baada ya alasiri, tukirekebisha saraka moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila moja ina taratibu zake. Sasa tulianza na vyumba vinne vya kulala, karibu na ufuo, na chakula cha nyumbani. Mwanamke aliniachia salamu zangu mwishoni, kila palipokuwa na nafasi. Hakutuahidi makubwa. Alisema saraka ni kusukuma kidogo tu, na wageni wenyewe wakija na kuandika mazuri ndio watakaotubeba.

Alhamdulillahi, walikuja. Mwanzo ni mume na mke kutoka Nakuru, wenye darubini shingoni, waliotuona kwa wale watu wa ndege, ambao safari hii walitukubali. Akafuata mwanamke anayechunguza mikoko ya Gazi, akachukua chumba kwa wiki mbili nzima. Mwanamke wa kompyuta akatuonyesha kwamba ukitafuta chumba Msambweni, sasa tumo kwenye ukurasa wa kwanza, chinichini. Ukitafuta Diani hatumo, na sisi hatuko Diani.

Siku chache kabla ya mwandamo wa Ramadhani, nilimkuta binti yangu jikoni akikanda unga wa mahamri ya wageni. Simu yake ikalia. Alikuwa na unga mpaka viwikoni, akaniomba nimpokelee. Alikuwa wakala, anauliza atakwenda Mombasa lini.

Nikamwuliza binti yangu.

"Mwambie nina wageni mpaka Jumatatu," akasema, bila kugeuka.

"Na baada ya Jumatatu?"

"Mama, mwambie nina wageni."

Nikamwambia wakala hivyo, nikamtakia Ramadhani njema, nikaketi pale jikoni kumkatia mahamri.