Shahidi Mwembamba wa Mkokoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kanzu mpya, nikarudi kwetu, mtaa wa Langoni, nimevaa matundu. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya zile beteri za vioo mna tindikali, maji makali yanayokula nguo kimya kimya. Mama alilia sana, ila aliililia kanzu, si mimi.

Nyinyi vijana mnaobonyeza swichi na kununa taa ikichelewa, tulieni niwaeleze. Zama hizo serikali ilikuwa na vituo vya simu ya upepo, yaani simu isiyopita kwenye waya. Cha Amu, yaani Lamu yetu, kilisimamiwa na Bwana Mitambo, Mwingereza mrefu, mchache wa kucheka, aliyejifunza Kiswahili Unguja. Aliniajiri kwa sababu moja: nilikuwa mwana wa sonara, nikijua kuvuta waya. Sisi huchukua ufito wa fedha tukaupitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu, tundu hili dogo kuliko lile, mpaka waya uwe mwembamba tutakavyo. Yeye alitaka nivute waya wa risasi iliyochanganywa na bati, wa kutengenezea fyuzi, maana fyuzi za Ulaya zilikuwa hazifiki kwa wakati hata siku moja.

"Tazama," aliniambia. "Beteri hizi waziona zimelala, lakini ncha zake mbili zikikutana hutoa umeme wa kuyeyusha jembe. Mashine ile huupokea umeme uendao upande mmoja, ikaugeuza uwe wa kwenda na kurudi, ndio itakao simu. Kati ya beteri na mashine twaweka kiwaya hiki. Umeme ukizidi, kinayeyuka na njia inakatika. Kinakufa ili nyumba ipone."

"Basi huyo ni shahidi, Bwana," nikasema.

Alifikiri kidogo, akacheka. Kwetu shahidi ni yule atoaye ushahidi mbele ya kadhi, na pia ni yule afaye katika njia ya Mungu. Tangu hapo hakuna mtu wa simu aliyesema fyuzi tena.

Kumchagua shahidi si kazi ya kubahatisha. Humchagui kwa njaa ya mashine, wamchagua kwa uwezo wa waya mnene unaomfuata. Mashine inapoanza kuzunguka hunywa funda kubwa, naye lazima alivumilie funda hilo. Lakini waya kabla haujapata moto, awe ameshakufa. Humweka karibu kabisa na beteri, maana kipande kilicho kabla yake hakina wa kukilinda. Humlaza ndani ya bomba la kauri lililojaa mchanga mkavu, ama sivyo moto wake huruka hewani ukaendelea kama kwamba hakufa mtu. Na skrubu uzikaze! Skrubu iliyolegea hupata joto ikamwua bila kosa lake.

Baadaye nikapelekwa Mkokoni, kituo kidogo chenye watu watatu. Mkuu wetu alikuwa Bwana Karani, mtu wa Mombasa, mwema lakini damu yake ilichemka upesi. Alipenda vitu viwili, habari ziende kwa wakati na chai. Wa tatu alikuwa Kombo, mpishi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Visima vya pale vilikuwa na chumvi, hata chai ya kwanza niliyopewa nilidhani ni mchuzi.

Mimi nilikuwa bado kwenye majaribio, na nilikuwa nimeposa. Baba wa mchumba wangu alinipa jibu moja tu: "Binti yangu simwozi mtu wa majaribio. Ukithibitishwa, njoo na wazee wako." Wa kunithibitisha alikuwa Bwana Mitambo, siku atakayokuja kukagua. Kwa hiyo nilikaza skrubu za Mkokoni kwa mapenzi yangu yote.

Na wapi! Mashahidi wakaanza kufa. Mashine inazunguka vizuri, mara paa! Kimya. Nikibadilisha, siku mbili tatu, paa tena. Nikang'arisha shaba, nikabadilisha mchanga, nikavuta waya upya, nikailaumu mikono yangu na hata bamba nililorithi kwa babu. Kitu pekee kilichoendelea vizuri kituoni ni chai. Ilikuwa tamu siku hizo, ajabu! Bwana Karani alikuwa akifumba macho akinywa.

Akishayafumbua tu, ananigeukia mimi. Siku moja akaja na msumari wa mashua aliouomba kwa fundi wa Matondoni. "Weka huu. Msumari haufi."

"Ndiyo maana siuweki, Bwana."

"Basi mashua ikirudi, utapanda wewe na bamba lako. Ukamvutie mama yako herini!"

Niliogopa, wallahi. Niliiona posa yangu ikipanda mashua pamoja nami. Lakini kila nilipoutazama ule msumari niliiona nyumba ikiwaka. Nikamtia shahidi wa mwisho niliyekuwa naye, mwembamba vile vile, nikaenda kufunga mzigo wangu.

Bwana Karani, ambaye hakuiamini simu tena, akamwita nahodha wa mashua, akampa maneno mdomoni: "Mwambie Bwana, shahidi amekufa tena. Atuletee mwingine, mnene."

Nahodha alikuwa mgeni wa mambo ya simu. Alipofika Amu akajiuliza, mashahidi ni kazi ya nani? Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Shauri, yule mzungu wa kuhukumu kesi.

Mashua iliporudi mchana wa jua kali, walishuka askari wenye bunduki. Nyuma yao akashuka Bwana Shauri, amekunja uso. Halafu akashuka muuza halwa wa sokoni Amu, mtu mnene kuliko wote niliowajua, akitokwa na jasho na kuuliza kila aliyemwona, "Nishuhudie nini, jamani?" Askari mmoja alishika sanda. Wa mwisho alikuwa Bwana Mitambo. Alikuwa ameelewa tangu Amu, akanyamaza safari nzima kwa kutaka kuona.

"Nani huyu afaye mara mbili?" Bwana Shauri aliunguruma. "Maiti yuko wapi?"

Bwana Karani, kwa kubabaika, akapiga kelele, "Kombo! Chai ya wageni!" Mpishi akatoka mbio.

Paa!

Tukakimbilia banda la beteri. Kombo alikuwa amesimama katikati, mzima, akisoma dua kwa sauti, ameshika kopo la bati lililomegeka ukingo. Miguuni pake palikuwa na mtungi wangu wa maji ya mvua, maji safi ya kuongezea beteri. Kumbe kila akiyachota hulitua kopo juu ya zile pau mbili za shaba zinazopeleka umeme kwenye mashine, likazikutanisha!

"Mai yalikuwa yakikaa bure, Bwana," alisema kwa lahaja ya kwao, ambako 'hisoma' ni 'nikasoma'. "Hidhani ni jini wa beteri yuwanikemea. Hisoma, hichota, hikimbia."

Bwana Mitambo aligeuza kopo mkononi. Akauona msumari mezani, akamtazama Bwana Karani, akanitazama mimi. "Ungeuweka huu," akasema taratibu, "kopo lingeyeyukia mkononi mwake, na beteri zingemlipukia usoni."

Bwana Karani akaketi chini. Alilia, maskini, akimshika Kombo mkono ule ule.

Bwana Mitambo akafungua bomba, akamwaga mchanga kiganjani mwa Bwana Shauri. Kikabaki kidonge cha risasi. "Maiti huyu hapa."

Muuza halwa akalichungulia bomba. "Na mimi ndiye badala yake? Humu? Wallahi siingii!"

Bwana Shauri akamtupia Kombo ile sanda. "Kaa nayo wewe. Imekukosa kidogo tu."

Nilithibitishwa pale pale, nikaoa mfungo ulipokwisha. Kombo ndiye aliyepika. Nimefunga mashahidi vituo vingi baada ya hapo, na kila fundi kijana aliyenijia na msumari nilimwonyesha kopo lililomegeka.

Kombo alifariki mwaka niliostaafu, mzee, kitandani kwake, wajukuu wakigombania kumpepea. Binti yake akafungua kasha akaitoa sanda ile, imekuwa manjano kwa kukaa. Kombo alikuwa amenenepa sana uzeeni, tukahofia ni ndogo. Ikamtosha.