Sahihi ya Mama Brian

Mnisamehe mwandiko huu, na mahali nitakapokosea herufi. Niliishia darasa la nane na mkono wangu huenda polepole. Mimi si mzee, ila kazi ya posta imeniacha mapema, na nyinyi mnaoianza mnafaa kujua tulivyoifanya.

Siku ya kwanza, huko Kawangware, msimamizi wa wapeleka barua alinikabidhi mkoba na daftari la rejista. Rejista ni barua ambayo haiachwi mlangoni. Mwenyewe lazima aipokee na kutia sahihi. Baadaye nikahamishiwa mtaa uitwao Raila, Kibera. Nyumba za huko hazina namba. Unauliza mtu, huulizi nyumba.

Mwezi wa pili pale nilipeleka rejista ya Josephine Akinyi. Nikaonyeshwa mlango, nikaona kitambulisho chake, ni yeye. Akatia sahihi kwa jina analoitwa na wapangaji wote wa plot ile: Mama Brian. Nikafunga daftari bila kulisoma.

Meneja wa posta alilisoma.

"Barua ni ya Akinyi, sahihi ni ya Mama Brian. Ulimpa nani?"

Akanipa karatasi nijieleze kwa dakika kumi, la sivyo niende nyumbani nisirudi. Dakika ziliisha nikiwa mstari wa pili.

Hapo akaingia Mama Mutheu, muuza stempu wa dirisha la tatu, ambaye tulikuwa tumemchagua awe mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi. Alivuta kiti akaketi, uso kwa uso na meneja. Sikuwa nimewahi kuona mtu wa dirishani akikikalia kiti kile.

"Boss, mkataba wetu unasema mfanyakazi ajieleze mwakilishi akiwepo. Na hautaji dakika."

"Huyu anaandika kama kinyonga."

"Basi tumngoje kinyonga. Halafu boss, yule anayetuletea chai kila siku, anaitwa nani?"

"Si ni Mama Kevo."

"La kitambulisho."

Meneja akanisukumia karatasi niendelee. Simu yake ikalia, hakuishika. Wakaningoja, wote wawili, mpaka nikajaza ukurasa.

Kesho yake msimamizi wa pale alienda Raila, akamkuta Akinyi na barua yake. Mimi nikapewa onyo la maandishi kwa kutosoma sahihi. Hilo lilinistahili.

Nilipomshukuru Mama Mutheu alicheka. "Kile kiti si changu, kijana. Ni chenu. Mimi nimetumwa kukikalia tu."

Barua zilipopungua, mikataba yetu ya ajira haikuongezwa muda. Sasa nauza viatu Kawangware. Hapa sokoni mmoja wetu akifokewa na mtoza ushuru, sisi wengine huinamisha vichwa tukapanga viatu vyetu. Mpaka leo nashangaa kwamba watu wale wawili waliketi wakiingoja kalamu yangu.

Kama kazini kwenu kuna mtu kama yule mama, tafadhali niandikieni mnieleze mlimchaguaje. Hapa tuko tisa, na hatujui pa kuanzia.