Punje za Mahindi Kwenye Karatasi ya Leta

Jeep ya watu wa mazingira iliposimama mbele ya darasa la parokia, mama alinivuta mkono. "Weye, funga kinywa. Hawa banatafuta majiwe." Nikamwamini kwamba wanatafuta madini. Huku kwetu Kamina, mgeni akija na gari safi na kifaa cha kupimia ardhi, hata akisema amekuja kuhesabu ndege, mwenye akili anaanza kuwaza shamba lake.

Walisema wanapanga njia ya wanyama, ili watoke hifadhi moja hadi nyingine bila kukutana na moto wala bunduki. Wakatandika sakafuni karatasi kubwa iliyochorwa mito na reli, wakatugawia punje za mahindi. Kila mtu aweke punje pale anapolima, anapokata kuni, anapookota chochote. Pasipo na punje, wakasema, ndipo njia itapita. Mama akaguna. Leta, yaani serikali, imeanza lini kumwambia mtu ukweli?

Basi mama alikuwa na msitu wake wa viwavi, na viwavi hao wa kula, aliowauza sokoni, ndio waliotusomesha. Hakuwa na hati yoyote. Alichokuwa nacho ni kufunga kinywa. Msimu ukifika alitoka na jembe begani kama anayekwenda shambani, akazunguka upande wa reli, akarudi jioni na beseni lililofunikwa majani ya muhogo. Mke wa askari mmoja wa kambi ya jeshi, mama wa base kama tulivyomwita, aliyeuza karibu naye sokoni, hakuchoka kumchokoza. "Mama, unaokotaka wapi?" Mama alimjibu, "Mungu njo anatoaka."

Siku hiyo mama wa base alikaa ng'ambo ya karatasi, macho kwenye vidole vya mama. Mama akamwaga punje zake zote upande wa pili wa reli, kwenye vichuguu vitupu. Nilitaka kucheka. Nilimwona mjanja kuliko wote.

Waliporudi baada ya mavuno, karatasi ilikuwa na rangi ya kijani, na kijani kilikuwa kimefunika msitu wa mama wote. "Hapa hakuna anayepatumia," kijana wao alisema kwa upole, "na nyayo za paa tumeziona wenyewe." Kuanzia sasa hakuna kuingia, wala kwa beseni wala kwa shoka.

Mama akinyamaza, msitu umekwenda. Akisema, mama wa base yupo pale anasikiliza. Hasira zilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani kwanza. Mwishowe mama akasimama, akaweka kidole kwenye kijani. "Hapa njo minyi naokotaka viwavi. Miaka yote."

"Mbona punje zako ziko kule?" kijana akauliza.

"Nilikuwa naogopa ninyi."

Darasa zima lilicheka. Mama wa base hakucheka. Alikuwa ameinama akiangalia pale kidole kilipo.

Kijana akasogeza kijani mbali, kuelekea mto. Mama hakumwamini. Kila juma alinituma nikaangalie kama miti imepakwa rangi ya mpaka. Haikupakwa.

Mvua zikaja, na viwavi wakaja. Tulikwenda moja kwa moja, bila jembe, maana hapakuwa tena na cha kuficha. Tukiwa bado mbali tulisikia shoka. Mama wa base alikuwa ndani na mabinti zake, na nyuma yake nusu ya soko. Miombo mikubwa ilikuwa imelazwa chini ili wafikie viwavi wa juu.

"Karibu, mama," akamwambia mama yangu. Alimkaribisha kama mgeni.

Tulipata nusu beseni. Nilitafuta nyayo za paa nikaona za kandambili tu. Njiani mama hakufunika beseni kwa majani. Tulipofika relini ndipo aliposema, polepole, "Afazali ningeachia banyama."