Jiko Lisilo na Moshi

Dada yangu alijifungua Kitale, katika chumba alichopanga na mumewe mtaa wa Tuwan, wakati wa mvua na baridi. Shule ilikuwa imefungwa, basi nikatumwa kutoka nyumbani Malakisi nikamsaidie kufua. Mama mkwe wake alishafika, na nyumba ilikuwa mkononi mwake. Kwetu mtoto hapigwi na upepo mpaka kitovu kianguke. Kwa hiyo dirisha lilizibwa kwa gunia, mlango ukafungwa, jiko la makaa likawekwa karibu na kitanda. Mama mkwe hakuwa mzembe. Aliliwasha nje, akangoja makaa yawe mekundu, ndipo akaliingiza. Moshi ukiisha, alisema, ubaya umeisha.

Asubuhi moja kichwa kilinigonga, nikasikia kichefuchefu. Nilipotoka kuanika nguo za mtoto barazani, kikatulia. Nikarudi ndani, kikaanza tena. Nikatoka kwa makusudi, ikawa vilevile. Nikajua ni hewa ya mle ndani, ya lile jiko. Lakini mimi ni mtu wa haya. Nimwambieje mama mkwe wa dada yangu kwamba amekosea? Nikaendelea kufua.

Kisha mkono wa dada ukaanguka, akashindwa kushika mtoto. Nilimwita, akaniangalia kama hanijui. Mtoto naye alikuwa amelegea, halii. Nikafungua mlango, nikang'oa gunia, nikatoa jiko nje. Nikamleta mtoto mlangoni, nikarudi kumvuta dada kwa makwapa.

Mama mkwe alikuja mbio kutoka jikoni nyuma ya nyumba.

"Ati shule imekufundisha kuua mtoto na baridi?"

"Mama, ni makaa yanawaua."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Makaa gani? Wewe unaona moshi hapa?"

Mtoto akalia kidogo. Dada akatapika kizingitini, akauliza yeye mwenyewe yuko wapi. Nikadhani sasa wataniamini. Alipopata nguvu ya kusema tena, dada alisema anasikia baridi, nifunge mlango.

Jioni shemeji aliambiwa mimi ni kichwa ngumu, na kesho yake akanipeleka kupanda basi. Nilimwomba jambo moja tu: wakifunga mlango, jiko likae nje. Akajibu kwamba hayo ni mambo ya wamama.

Sasa niko nyumbani, na mvua haijakatika. Mama ananiuliza mtoto anafanana na nani. Namwambia anafanana na dada. Kitovu nilikiacha hakijaanguka, na mpaka kianguke mlango haufunguliwi.