Siku Koko Alipomwahidi Mungu Mbuzi Wangu

Juzi nilipita kwenye gereji moja ya Kaloleni. Dizeli imemwagika chini, na fundi amekaa kando anapaka ndimu kwenye hindi la kuchoma. Harufu hizo mbili zilipokutana puani, nikamkumbuka koko wangu, bibi mzaa baba, akigawa mifugo katikati ya bahari.

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na koko tulitoka kwetu, juu ya Ngaramtoni, kwenda Unguja kumwona shangazi aliyejifungua. Kwenda kulikuwa shwari. Siku ya kurudi, jamani wee! Boti ilipanda, ikashuka, ikapanda, na sisi watu wa mlimani maji mengi tuliyoyajua ni ya mfereji wa kumwagilia maharage. Ndani palinuka dizeli na ndimu ambazo abiria walinusa kuzuia kichefuchefu. Kijana wa boti akapita akigawa mifuko ya kutapikia. Koko, Mlutheri wa kutokosa ibada, alijua mfuko ukipitishwa maana yake nini. Akafungua fundo la khanga, akatumbukiza sarafu, akampitishia abiria aliyekaa pembeni yake. Yule abiria, maskini, alikuwa na shida nyingine kabisa.

Wimbi likatupiga ubavuni. Watu wakapiga mayowe, nami nikalia nikijua tunakufa. Koko akanibana kifuani, akaanza kuahidi kwa sauti: "Bwana, tuvushe, nakupa kuku wangu wote!" Bahari haikujali kuku. "Nakupa debe zima la asali!" Wapi! Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nikamsikia anavuta pumzi, anameza mate, halafu: "Bwana, nakupa Pipi!"

Pipi alikuwa mbuzi wangu. Nilimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Na hapo hapo, msinicheke, bahari ikatulia.

"Koko, Pipi si wako!"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Umeona mwenyewe amepokelewa."

Jumapili koko alitoa ushuhuda kanisani mpaka mawimbi yakawa marefu kuliko Meru. Ibada ilipoisha, Pipi akatolewa nje kwenye mnada, pamoja na mayai na ndizi za sadaka. Nilimkasirikia Mungu waziwazi: wanyama wote wa porini ni wake, ana shida gani na mbuzi wangu? Mwenye bucha mmoja akataja bei huku akimpapasa Pipi mapaja. Nikaangua kilio. Mara sauti nyingine ikaongeza bei. Koko!

"Mama, si wewe uliyemtoa?" akauliza mzee wa kanisa.

"Endelea na mnada wako, baba."

Mwenye bucha akapandisha, koko akapandisha, mpaka yule bwana akanyoosha mikono akaenda kununua mayai. Kesho yake ng'ombe akauzwa ili koko alilipe kanisa, na sisi tukanywa chai ya rangi mwaka mzima.

Miaka mingi niliringa kwamba koko alinipenda kuliko ng'ombe wake. Nilipokuwa mtu mzima nikamwambia hivyo, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kukupenda nilikupenda. Lakini pale mnadani niliona haya. Mungu ametuachia roho mbili bure, mimi namlipa kwa mali ya mtoto, ya kwangu naificha, kana kwamba mbinguni hawamwoni ng'ombe!"

Kumbe mimi ndiye niliyevuka bahari siku ile ya boti. Koko alivuka Jumapili, alipokubali kutoa cha kwake.